Sura ya Saba: Mchanga Ulionyeshewa

Hakukuwa na jiwe.

Tangu asubuhi Musembi alikuwa amepiga magoti nyuma ya gereji, ameutandaza mchanga wote juu ya turubai, anauchambua kwa vidole kama mtu anayechambua ndengu za kupika. Alitafuta jiwe. Alitafuta nati, kipande cha risasi ya betri kuukuu, chuma chochote ambacho mkono wa mwenye wivu ungeweza kukizika humo. Akikipata, atatembea tena katika mji wa Mwingi akiwa ameinua kichwa. Asipokipata, basi Jumamosi, mbele ya kanisa zima, hakuna aliyemshinda isipokuwa mzigo wake mwenyewe.

Abdulkadir, mwenye gereji, mzee ambaye babake alitoka Lamu na ambaye mpaka leo alisema Kiswahili cha kwao, alichungulia mlangoni akauliza kama lori la Garissa lijirekebishe breki lenyewe, maana fundi wake amerudia utoto, acheza mchanga. Musembi aliendelea kuchambua. Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake.

Tusimcheke kabla ya kujua yaliyompata.

Chuma chake kilikuwa eksili ya lori la Bedford iliyovunjikia barabarani na kutupwa. Alipoanza, Musembi alitaka kuanzia pale mabingwa wanapomalizia. Alifunga gurudumu la chuma kila upande, akavuta hadi mishipa ya shingo ikasimama kama kamba, na eksili haikuachana na ardhi. Siku hiyo ndipo Mutindi, msichana msusi wa vikapu, alipopita na vyondo vyake akielekea sokoni. Alisimama, akatazama, akacheka. Si kicheko cha dharau. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeona jambo analolijua. Akamwambia kwamba hata kubeba maji msichana haanzi na mtungi mkubwa. Musembi akakasirika. Halafu akamtazama vizuri, hasira ikapotelea asikokujua, na hakuiona tena mpaka Jumamosi iliyopita.

Mutindi ndiye aliyemsukia vyondo viwili vya mkonge, vya kimo kimoja, vyenye mishipi mipana ya ngozi ya kuning'inizwa kwenye ncha za eksili. Ndiye aliyemwonyesha mahali pa kuchota mchanga mto Tyaa, chini kabisa, kwenye mashimo ambayo wanawake huchimba maji wakati wa kiangazi. Wakaanza na mchanga kidogo kila kiondo. Kila Jumamosi Musembi aliongeza kikombe kimoja cha bati huku na kimoja kule. Chuma kisipopanda sawasawa, kuanzia miguuni hadi kifuani na kutoka kifuani hadi juu ya kichwa, haongezi. Hungoja Jumamosi nyingine. Alikula muthokoi, mahindi ya kukobolewa, na maharagwe kama mtu mwenye njaa ya watu wawili. Mulei, kaka yake Mutindi, alikuja kila jioni kumshikia chuma na kumkemea akikunja mgongo. Kiangazi kizima vikombe viliongezeka. Musembi naye aliongezeka, mabega yakatanuka, shati la Krismasi likakataa vifungo.

Kilichoongezeka kuliko vyote kilikuwa majivuno.

Babake Mutindi, Mzee Ndolo, mfanyabiashara wa mbuzi na shemasi wa kanisa, hakupendezwa. Mjomba wa Musembi alipotumwa kuuliza kama wanaweza kuleta mbuzi wa ntheo, wale ambao Mkamba asipowapeleka kwao msichana hahesabiwi kwamba ameoa, mzee alimkaribisha chai, akamwuliza habari za mvua, kisha akamwambia polepole: "Huyo kijana wenu huinua chuma akakirudisha pale pale. Hata punda wangu, akibeba kitu, hukipeleka mahali."

Maneno hayo yalimfikia Musembi yakamchoma. Ni Mulei aliyemwombea. Alimshika babake wiki nzima, akamwambia kuna harambee ya mabati ya kanisa, watu watatoka hata Nuu, wacha Musembi ainue vyondo vilivyojaa mbele ya watu, wenye kutoa watoe, chuma nacho kiwe kimefika mahali. Mzee akafikiri, akakubali. Akiinua kwa ajili ya nyumba ya Mungu, alisema, nitawasikiliza wazee wake.

Kwa hiyo siku ile haikuwa mchezo. Ilikuwa posa.

Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ya kwanza ikanyesha. Watu walifurahi. Asubuhi Mulei na vijana wa kwaya wakaja kupakia chuma kwenye pikapu, na Musembi, aliyekuwa ameupumzisha mwili siku kadhaa, hakukigusa. Alikuwa amevaa koti. Alikaa mbele na dereva kama bwana arusi. Mulei alimwambia dirishani kwamba leo kitu hiki kimekuwa kizito, na Musembi akamjibu ni kwa sababu hujanywa uji.

Uwanjani alipewa kipaza sauti. Musembi, ambaye hakuwahi kufundishwa ushairi na mtu ila hushona beti kichwani huku akifunga magurudumu, alighani ubeti alioutunga kwa ajili ya siku ile, na ulianza hivi:

*Aliyekuja kucheka, leo meno ayafiche,*
*Chuma juu kitafika, mawingu kiyachekeche.*

Watu wakapiga makofi. Akainama, akashika, akavuta. Chuma kilifika magotini, kikasimama hapo kidogo kama mtu aliyesahau anakokwenda, kisha kikarudi chini. Akavuta tena. Safari hii hakikufika hata magotini. Mwenye kuendesha mnada wa harambee akasema kiondoeni hicho tuuze jogoo, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Mutindi alikuwa amesimama kati ya wanakwaya. Hakucheka. Alikuwa amejishika mashavu.

Hapo ndipo hasira iliyopotea ilipomrudia Musembi. Alikinyakua kipaza sauti. Akasema, na sauti yake ikasikika hadi barabara ya Garissa, kwamba chuma kimetiwa mawe, kwamba aliyekitia ni Mulei, maana ndiye aliyepakia na ndiye aliyejua ni kizito kabla ya mwenyewe kukigusa. Akamwita mwongo. Akamwita nyoka wa nyumbani.

Mulei alimgeuzia mgongo. Alichukua koti lake kwenye kiti akaenda nyumbani kwa miguu. Mzee Ndolo aliinuka, akangoja watu wanyamaze, akasema mbuzi wa mtu huyu wasikanyage kwake.

Sasa ilikuwa Jumatatu, na hakukuwa na jiwe.

"Umeliona?"

Musembi aligeuka. Mutindi alikuwa amesimama kwenye pembe ya ukuta, leso imefungwa kiunoni, uso mkavu. Hakujua amekuwepo tangu lini.

"Bado," alisema. "Lakini nitaliona."

"Usipoliona utalileta kutoka wapi?"

"Mutindi, usinianze."

"Sikuja kukuanza. Nimekuja kuchukua vyondo vyangu."

Alisema hivyo bila kuinua sauti, na Musembi alihisi kama amepigwa na mpini. Akauliza vyondo vimekosa nini. Mutindi akamwambia havijakosa kitu, ndiyo maana vinarudi nyumbani. Baba amesema Jumatatu ijayo aende Nuu kwa shangazi. Shangazi amekuwa akimsifu mwalimu mmoja wa huko, mtu mpole, ana ng'ombe na nyumba ya mabati, na hasemi sana kwenye kipaza sauti.

"Nawe umekubali?"

"Ningesema nini? Niseme namngoja Musembi? Musembi gani? Yule aliyemwita kaka yangu nyoka? Mulei hajala tangu siku ile. Mama anamwekea chakula, anakigeuza na kijiko, anakiacha. Yeye ndiye aliyekuombea kwa baba. Unajua alisema nini? Alimwambia baba: nau, huyu hata akiwa na kiburi, hana uongo. Hayo ndiyo maneno aliyokusemea."

"Basi nani alitia uzito? Mimi nilikuwa nakiinua chuma hiki, Mutindi. Uliniona. Jumatano nilikiinua kama fimbo."

"Nilikuona."

"Jumamosi kikakataa. Chuma ni kile kile, vikombe ni vile vile. Kwa nini kikatae kama hakuna mtu?"

Mutindi hakutaka kulia mbele yake. Akainama kukiokota kiondo kimoja kilichokuwa kimelala mdomo chini kando ya turubai. Alikiinua, akasimama nacho mkononi, akakishusha kidogo, akakipandisha, kama mama anayempima mtoto wa mwenzake. Akakunja uso. Akaingiza mkono ndani hadi kwenye kitako cha mkonge.

"Mbona kimelowa?"

"Ni mvua tu."

"Vilikuwa nje?"

"Viko nje siku zote. Vinaning'inia pale kwenye mapipa. Ningeviweka wapi, kitandani kwangu?"

Mutindi alipiga magoti kwenye turubai upande wa pili, akashika mchanga wa juu ambao jua la asubuhi lilikuwa limeupausha, akauacha umwagike kati ya vidole. Akachimba chini, akatoa mwingine mweusi, akaufumbata. Ulibaki umbo la ngumi yake. Musembi alimtazama, na katikati ya hasira yake yote moyo ukamwambia jambo ambalo hakuuomba uliseme: kwamba hata akienda Nuu, hata akizaa na mwalimu huyo, yeye ataendelea kuziona ngumi hizi ndogo usingizini.

"Leta kikombe chako," Mutindi alisema. "Na kingine kama hicho."

"Cha nini?"

"Musembi, mara moja tu katika maisha yako fanya kitu bila kuuliza."

Akaleta. Akaambiwa afumbe macho, anyooshe mikono, akafumba, akanyoosha. Aliusikia mchanga ukichotwa. Aliusikia ukisawazishwa kwa kiganja ukingoni mwa bati. Kisha kikombe kikawekwa kwenye mkono wa kushoto na kingine kwenye wa kulia, na kwa muda mfupi vidole vya Mutindi vikawa chini ya vyake, vikimsaidia kushika, vina joto, vina chembechembe.

"Kipi kizito?"

"Cha kulia."

"Una hakika?"

"Hata mtoto angejua. Umetia nini huku?"

"Fumbua."

Alifumbua. Vikombe viwili vya bati, vimejaa sawasawa hadi ukingoni. Kushoto mchanga mweupe. Kulia mchanga mweusi.

Alivitazama kwa muda mrefu. Lori lilipita barabarani likapiga honi, Abdulkadir akamwita, na yeye hakusikia. Mutindi akaanza kusema kwamba mchanga hunywa maji kuliko ng'ombe, kwamba yeye amechota maji mchangani tangu akiwa hana meno ya mbele na bado hakufikiri, kwamba kiondo si debe, mvua ikipiga inaingia pande zote. Akanyamaza mwenyewe. Aliona uso wa Musembi unabadilika.

"Hakutia kitu," Musembi alisema.

"Hakutia."

"Aliniambia ni kizito. Dirishani. Aliniambia, nikamtania."

"Ndiyo."

Musembi akaviweka vikombe chini taratibu kama mayai. Lakini akili yake, ikishashika kitu, haikuwa ya kukiacha nusu. Iliendelea kutembea peke yake, na ilipofika, alihisi baridi.

"Mutindi. Tulipouchota mchanga mto Tyaa, ulikuwa umelowa."

"Ulikuwa unadondoka."

"Halafu ukaning'inia juani. Kiangazi chote. Mimi naongeza kikombe, jua linaondoa maji. Mimi naongeza, jua linaondoa." Alicheka, kicheko kibaya. "Kwa hiyo nilikuwa nashindana na jua. Huenda sikuwahi kuongeza hata kidogo. Nimevimba kwa muthokoi tu. Babako alisema kweli. Punda ni bora."

Alikaa chini kwenye mchanga, mtu mzima wa mabega yale, akaufunika uso kwa mikono. Mutindi alikuwa amekuja na hasira yake imefungwa vizuri kama mzigo wa kuni, na sasa hakujua aiweke wapi. Akasogea. Hakumgusa, kwa kuwa ilikuwa mchana na gereji ilikuwa na watu, lakini alikaa karibu kiasi cha kuweza.

"Sikiliza," alisema. "Siku ya kwanza hukuweza kukitoa chuma hiki ardhini. Si ndiyo? Juzijuzi Abdulkadir alikuita ushikilie giaboksi ya lori wakati wanatafuta jeki. Nilikuwa napita. Uliishika mpaka wakarudi, unaongea tu. Giaboksi haina mchanga. Nguvu umepata. Ila si zile ulizotangaza. Ulihesabu vikombe, hukuhesabu uzito."

"Nimejitia aibu."

"Mawingu ulisema utayachekecha. Yamekuchekecha wewe."

Musembi hakutaka kucheka. Alijizuia. Kicheko kikamtoka puani, naye Mutindi akacheka akiwa amejifunika mdomo, na kwa muda mchache walikuwa wale wale wa kiangazi, kabla ya harambee, kabla ya nyoka.

Kisha Mutindi akaacha kucheka.

"Sasa utamwomba Mulei msamaha."

"Leo hii. Jioni nitamngoja njiani akitoka shamba, tuongee kiume."

"Njiani?"

"Tuwe wawili tu."

"Ulimtukana mchana, watu wamejaa, na kipaza sauti mkononi. Msamaha utauleta kichakani kama mtu anayeuza ngozi ya wizi?" Alisimama. "Yeye ndiye anayepita sokoni watu wakimwuliza mawe umeyatoa wapi. Waliosikia ule uongo wasikie na huu ukweli. Wote."

"Unataka nisimame tena mbele ya watu wale? Baada ya jogoo?"

"Sitaki kitu. Nakwambia tu."

Na Musembi, ambaye moyo wake ulikuwa umeshakubali, alishikwa na shingo yake ngumu. Alisema yeye si mtoto wa kupelekwa mbele ya darasa. Alisema kama ni kuinama atainama, lakini atachagua mwenyewe mahali. Mutindi alimsikiliza hadi mwisho. Alikung'uta kiondo cha kwanza, akakung'uta cha pili, akavikunja akavitia kwapani.

"Mimi nilibebeshwa kibuyu kidogo cha maji kwanza," alisema, "halafu kikubwa kidogo, halafu mtungi. Hakuna siku mtu alinipigia makofi. Nilidhani wewe pia umeanza kujifunza hivyo." Akageuka. "Jumatatu nakwenda Nuu, Musembi."

Alimtazama akizunguka pembe ya ukuta. Kivuli chake kilibaki nyuma yake kidogo, kisha nacho kikaenda.

Wiki ile Musembi hakutunga ubeti. Alifunga breki, akala bila kujua anakula nini, na jioni aliinua eksili tupu, bila kiondo, bila mtu wa kumshikia. Ilikuwa nyepesi na ilimchosha. Hakuna aliyemkemea akikunja mgongo, na alipokosea alijua amekosea kwa maumivu tu. Mzee Abdulkadir alimtazama akamwambia kwamba kiburi, kijana wangu, nacho ni mzigo, ila huo waubeba mwaka wa ngapi sasa, na hujauweka chini hata mara moja. Musembi alitaka kumjibu kwa ukali. Badala yake akaiweka eksili chini.

Jumapili alivaa shati safi akaenda kanisani. Watu walipomwona wakagusana viwiko. Alipita viti vyote vya nyuma akakaa mbele kabisa upande wa wanaume, mahali ambapo kila mtu anaiona shingo yako na wewe huoni uso wa mtu.

Kanisa lile, kama mengi ya huko, lilikuwa na desturi yake ya kutoka. Mchungaji hutangulia na aliyesoma Neno siku hiyo, wakasimama nje ya mlango. Kila anayetoka huwapa mkono waliotangulia, mmoja mmoja, kisha husimama mwisho wa mstari ili wanaomfuata wampe yeye. Hakuna kuruka mtu. Anayetoka mwisho husalimu kanisa zima, nalo kanisa zima humngoja juani.

Aliyesoma Neno alikuwa Mulei. Musembi alikaa kwenye benchi mpaka mama wa mwisho akainuka, kisha akatoka.

Jua lilimpiga usoni. Mstari ulikuwa umezunguka ukuta wa kanisa. Alimpa mchungaji mkono. Akasogea. Akamnyooshea Mulei mkono, na Mulei akaitia mikono yake yote miwili mifukoni.

Mazungumzo yakakatika mstari mzima.

"Mulei," Musembi alisema, "nilikukosea. Hukutia mawe. Mchanga ulinyeshewa na mvua."

"Siku ile ulisema kwa kipaza sauti," Mulei alisema akitazama juu ya bega la Musembi. "Leo unanong'ona."

Musembi alivuta pumzi, kama anavyovuta kabla ya kuinama kwenye chuma. Akasema kwa sauti. Alisema mchanga ulinyeshewa, kwamba Mulei hakutia mawe wala kitu, na kwamba yeye ndiye aliyesema uongo.

"Watu wa mwisho kule hawajasikia."

Kijana mmoja wa kwaya akacheka akakanyagwa mguu. Musembi alihisi damu ikimpanda masikioni. Angeweza kuondoka. Barabara ilikuwa pale pale. Alimwona Mutindi, wa tano kwenye mstari, ameinamisha kichwa, midomo inacheza kama anayeomba. Akaugeukia mstari wote, akapaza sauti ile ile iliyofika barabara ya Garissa:

"Mulei wa Ndolo hakunidanganya! Aliniambia chuma ni kizito nikamdharau. Nilishindwa kwa ujinga wangu, nikamtwika yeye. Si nyoka. Ni ndugu yangu, kama bado anataka."

Kuku wa mtu alipita katikati yao bila haraka.

"Nilikwambia ni kizito," Mulei alisema.

"Uliniambia."

"Ukasema sijanywa uji."

"Nilisema."

"Nilikuwa nimekunywa uji, Musembi." Mkono wake ukatoka mfukoni. Alimfinya vidole kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na zilikuwa nyingi, maana naye alikuwa akishika chuma kile kiangazi kizima. Musembi aliumia na hakuutoa mkono.

Aliyefuata alikuwa Mzee Ndolo. Alimpa Musembi mkono mkavu wa mtu anayeshika pembe za mbuzi kila siku, akamtazama toka juu hadi chini.

"Nimesikia," alisema.

Baada yake alisimama mkewe, Mama Mulei, mama mfupi wa kilemba cheupe. Kila Jumapili tangu akiwa mvulana Musembi alimpa mkono mama huyu kama wengine wote, naye humuuliza mama yake hajambo. Musembi akanyoosha mkono.

Mama Mulei hakuupokea. Aliuingiza wake chini ya leso, akaivuta leso hadi usoni, akageukia ukuta wa kanisa na kutoka kabisa kwenye mstari.

Mkono wa Musembi ulibaki hewani. Basi, alijiambia. Mulei amesamehe, mzee amesikia, mama amekataa, na bila mama hakuna nyumba. Alihisi chozi na akaapa halitoki.

"Wewe kijana," Mumbua, mama mzee aliyesimama na wanawake, alisema huku akitikisika kwa kicheko, "ondoa huo mkono. Siku hizi mtu anamsalimia mama mkwe kwa mkono? Huna nthoni wewe?"

Kicheko kikaanza kwa wanawake, kikatembea mstari mzima hadi pembe ya ukuta. Ndipo Musembi alipoelewa. Kwao Ukambani, mama hamshiki mkono mwanamume atakayemchukua binti yake. Humpisha njiani, humficha uso. Hiyo ndiyo nthoni, heshima yao. Wengi pale kanisani walikuwa wameiacha. Mama Mulei hakuwa ameiacha, na hakuwa ameianza na Musembi hadi leo.

Mzee Ndolo alimtazama mkewe kwa mshangao.

"Mama Mulei," alisema, "sisi hatujala mbuzi wa mtu."

"Mimi nimeshamwonea haya," mama alijibu kutoka ndani ya leso, akiuambia ukuta. "Hayo ya mbuzi ni yenu wanaume."

Mzee akakohoa. Akavua kofia, akaivaa. Akamwambia Mulei, bila kumtazama Musembi, kwamba mwenzake awaambie wazee wake kabla ya kuja watume mtu, wasije wakamkuta mtu yuko malishoni. Na kuhusu safari ya Nuu, shangazi anaweza kungoja.

Mutindi ndiye aliyefuata kwenye mstari. Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakuyapangusa. Alimpa Musembi mkono kama wampavyo wasichana wote wa kanisa, ila yeye hakuuachia, na Musembi hakusogea, na watu wote waliobaki, hadi pembe ya ukuta na kuizunguka, wakangoja juani.